Utabiri wa mawimbi kwenye mwamba wa Paje
Ndugu, umeuliza kama utabiri wa mawimbi ya mita 2 unatosha kukuhakikishia siku njema ya kuteleza kwa ubao kwenye mwamba wa matumbawe wa Paje, Zanzibar. Hautoshi. Tazama pia muda kati ya wimbi na wimbi, kwa sababu sekunde 6 au 7 huashiria mawimbi ya upepo wa karibu, yaliyovurugika, ilhali sekunde 13 na zaidi huashiria mawimbi yaliyotoka mbali, yenye nguvu na mpangilio. Msimu wa kusi, yaani upepo wa kusini, alfajiri ndiyo nafuu, kabla upepo haujakaza. Zaidi ya yote, nakusihi uangalie jedwali la maji kujaa na kupwa: wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, maji yakipwa, matumbawe hukaribia mno uso wa bahari, na hapo usiingie hata wimbi likivutia.