Mkeo hajawa tayari? Basi hata wewe bado

Bwana asifiwe, ndugu. Unauliza kama utangulie ng'ambo kwenye umisionari, mkeo akufuate moyo wake ukishatulia, maana kanisa limeshakubali kukutuma. Mimi nasema usitangulie.

William Carey, mmisionari Mwingereza, alipofunga safari ya India mwaka 1793, mkewe Dorothy alikataa, kisha akabembelezwa dakika za mwisho hadi akakubali. Mwaka 1794 walimzika mtoto wao Peter hukohuko. Akili ya Dorothy ikavurugika, na hakupona hadi alipofariki mwaka 1807. Carey husifiwa kwa tafsiri za Biblia, na anastahili, ila habari za mama huyu wahubiri wetu huzipita mbiombio.

Halafu, Mhindu wa kwanza kubatizwa katika kazi ya Carey, Krishna Pal, alibatizwa Desemba 1800. Miaka saba hiyo! Waeleze wanaokuchangia mapema, wasije wakadai habari za ushindi kila robo mwaka. Miaka ya mwanzo kazi yako kubwa itakuwa kujifunza lugha, na utachekwa sana.

Viza iwe ya kazi unayokwenda kufanya, si ya utalii. Bima ya afya, nauli ya dharura ya kurudi, masomo ya watoto kama mnao: kanisa liandike nani analipa nini. Siku ya kikao hicho nenda na mkeo, na maswali yake aulize mwenyewe.