Kabla ya kubandika maadili ukutani, hesabu akiba

Nilipofungua wakala wangu wa masoko, kabla hata ya kupata mteja, nilikaa nikaandika maadili ya kampuni: ukweli, heshima, uwajibikaji. Nikayachapa kwa herufi kubwa, nikayabandika ukutani. Miezi minane baadaye tulikuwa tumeketi chini ya karatasi ileile tukiandika tangazo la kinywaji ambacho, kwa maneno ya mteja, kinaondoa kitambi kwa wiki mbili. Niliomba ushahidi. Nikaletewa picha mbili za bwana mmoja, kabla na baada, na katika ile ya pili ilikuwa wazi kabisa kwamba amebana tumbo. Tangazo likatoka hivyohivyo, maana mteja yule peke yake ndiye aliyekuwa akibeba zaidi ya nusu ya mishahara yetu.

Binti aliyekuwa akitusanifia matangazo aliacha kazi wiki iliyofuata. Hakugombana na mtu. Aliibandua ile karatasi, akaiweka mezani kwangu, akaaga.

Kwa hiyo wewe unayeanza, nikikushauri juu ya maadili nitaanzia kwenye daftari la hesabu. Usikubali mteja mmoja avuke robo ya mapato yako. Akivuka, tafuta wengine haraka, hata wadogo. Weka akiba ya mishahara ya miezi mitatu. Mwaka wa kwanza hutaweza, mimi pia sikuweza, lakini anza kuitenga tangu ankara ya kwanza. Bila akiba hiyo utamwambia mteja "hapana" asubuhi na jioni utampigia simu ya kuomba radhi.

Kisha mkataba. Wangu sasa una kifungu kinachosema kila dai kuhusu bidhaa lije na ushahidi wa maandishi kabla ya tangazo kutoka, na kwamba dai likigundulika kuwa la uongo tunajitoa bila kurudisha malipo ya kazi iliyokwisha kufanyika. Wateja wengine hununa. Huwa nawakumbusha Volkswagen: kule Marekani iliyatangaza magari yake kuwa ya dizeli safi, hadi Septemba 2015 ilipofichuka kwamba programu ndani ya gari ilikuwa ikitambua linapopimwa na kupunguza sumu ya moshi kwa muda huo tu. Mwandishi wa tangazo hafungui injini. Ndiyo maana ushahidi nauomba kwa fundi au maabara. Ofisa masoko wa mteja naye kaambiwa tu.

Na kuna hili ambalo viongozi wengi tunalikwepa: malipo ya vibarua. Unaandika kampeni ya haki za wafanyakazi huku mpiga picha anakudai mwezi wa tatu kwa sababu "mteja hajalipa". Dai malipo ya awali kwa mteja, angalau nusu, umlipe mtu wako kwa wakati. Timu hujifunza maadili yako hapo, siku ya malipo.

Mteja mkubwa wa kwanza kumkataa alikuwa mtu wa mikopo ya haraka, aliyetaka riba iandikwe kwa herufi zisizosomeka. Simu ilichukua dakika nne. Kabla ya kuipiga nilimuuliza mhasibu swali moja: tukimkosa huyu, mishahara ipo hadi lini? Akanitajia mwezi. Nikapiga.