Maswali ya Wasomaji: Rotaveta ipi inaifaa trekta ndogo?

Safari hii barua nyingi zimekuja kuhusu rotaveta, zile mashine za visu vinavyozunguka na kulainisha udongo, za kufunga nyuma ya trekta ndogo, nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu wengi mmeuliza hilohilo kwa maneno tofauti.

SWALI: Habari ya kazi mtaalamu. Nina trekta ya hp 25 (nguvu za farasi 25), shamba langu ni kama ekari mbili tu, udongo wake ni mzito. Nimechoka kupiga plau, nikimaliza nipige haro, na bado mabonge yanabaki. Muuzaji ananiambia nichukue rotaveta ya mita moja na nusu eti ndo itamaliza kazi haraka, rafiki yangu anasema ya mita moja na robo inatosha. Nimsikilize nani?

JIBU: Msikilize rafiki yako, ndugu yangu. Hiyo 25 iliyoandikwa ubavuni mwa trekta ni nguvu ya injini, sio nguvu inayofika kwenye rotaveta. Rotaveta inazungushwa na PTO, ile shafti fupi yenye meno inayotoka nyuma ya trekta, na nguvu ikishapita kwenye gia na oili mpaka kufika pale inakuwa imepungua, kwa trekta nyingi ndogo unabaki na kama asilimia 80 hadi 88 ya ile ya injini. Kwahiyo wewe mkononi una kama hp 21. Kipimo ambacho wakulima wengi wanakitumia ni hp 5 za PTO kwa kila sentimita 30 za upana wa rotaveta, piga hesabu utaona hp 21 inakupa kama mita 1.25, basi. Ya mita 1.5 inataka hp 25 za PTO, yaani trekta yenye injini ya hp 30 hivi, na hapo bado sijaugusa huo udongo wako mzito ambao unakula nguvu kuliko wa kichanga.

Sasa mtu atakuambia mbona fulani ana trekta kama yako na anavuta ya mita moja na nusu. Anavuta ndio, ila muangalie anachimba kina gani, utakuta anaparua juujuu tu, akiishusha mpaka sentimita 15 injini inaanza kulia na mzunguko unashuka. Na mzunguko ukishuka kazi yote inaharibika. PTO ya trekta ndogo imepangwa izunguke mara 540 kwa dakika injini ikiwa kwenye mzunguko wake kamili, giaboksi ya rotaveta inapunguza hizo 540 mpaka kama 200 hivi kwenye visu, na visu vinategemea hiyo 200. Chukua rotaveta yenye visu sita kila sahani (lile bamba la duara linaloshika visu), vitatu vinaangalia kulia na vitatu kushoto. Ukitembea kilomita 2 kwa saa, kila kisu kinakata kipande cha udongo cha sentimita 5 na nusu hivi. Ukitembea kilomita 4 kwa saa kipande kinakuwa sentimita 11, hayo ndo mabonge unayoyakimbia! Na ikiwa sahani ina visu vinne badala ya sita, hata kwa mwendo wa kilomita 2 tayari umefika sentimita 8.

Kwahiyo kabla hujaenda kununua nenda kaangalie gia ya chini kabisa ya trekta yako inatembea kasi gani injini ikiwa kwenye mzunguko wa PTO, imeandikwa kwenye kitabu chake. Zipo trekta ndogo nzuri tu ambazo gia namba moja inakimbia mno kwa kazi ya rotaveta, na hilo huwezi kulitibu kwa kupunguza mafuta maana ukipunguza mafuta na visu vinapunguza mzunguko pamoja. Trekta ya haidrostatiki, ile ambayo mwendo wake unaendeshwa kwa msukumo wa oili badala ya gia, haina shida hiyo, unakanyaga polepole tu na PTO inabaki palepale.

Kitu cha pili ni upana wa matairi. Pima kutoka ukingo wa nje wa tairi la nyuma kushoto mpaka ukingo wa nje wa kulia. Rotaveta ikifunika matairi yote mawili unamaliza shamba bila kuacha nyayo za tairi juu ya udongo uliokwisha lainika. Ikiwa nyembamba kidogo kuliko matairi usikate tamaa, tafuta ile ambayo fremu yake inasogezwa pembeni, unaisogeza ifunike tairi moja na lile jingine linafunikwa ukirudi na mstari unaofuata. Mimi ningechukua nyembamba inayosogea kuliko pana inayoizima trekta, tena bila kufikiri mara mbili.

Uzito pia uangalie. Hizi mashine zina chuma nyingi, ya mita 1.2 mpaka 1.5 iliyotengenezwa vizuri inafika kilo 200 na zaidi, na yote inaning'inia nyuma ya ekseli. Ukiinyanyua kugeuza mwisho wa shamba na usukani ukawa mwepesi kama hauna tairi, mbele panahitaji uzito wa ziada. Mikono ya kunyanyulia kwa trekta ya saizi yako huwa ni kategoria 1, pini za chini milimita 22 na ya juu milimita 19, ila trekta ndogo kabisa zinatumia kategoria 0 yenye pini nyembamba, kwahiyo nenda na kipimo chako mfukoni.

SWALI: Nimeona rotaveta za aina mbili, moja visu vinazunguka kama matairi yanavyozunguka na nyingine vinazunguka kinyume. Muuzaji anasema ya kinyume ndo ya kisasa. Kweli?

JIBU: Usasa haupo hapo, ni kazi tofauti. Inayozunguka kama matairi inakata kutoka juu kwenda chini na inaisukuma trekta mbele, haili nguvu nyingi, na ikikutana na jiwe inalipanda au kulitupa nyuma. Tatizo lake ni kwenye ardhi ngumu ambayo haijaguswa, inaweza kurukaruka na kuikimbiza trekta, hivyo unapita mara ya kwanza kina kidogo alafu unarudia kwa kina zaidi.

Ya kinyume inakata kutoka chini kwenda juu, udongo unarushwa mbele unazunguka juu ya rota (ule mhimili wenye visu) ndo unaangukia nyuma, kwahiyo mabonge na mabaki ya majani yanafukiwa chini na udongo laini unabaki juu. Kitalu kinatoka kizuri sana, mara nyingi kwa kupita mara moja tu. Ila inataka nguvu zaidi kwa upana uleule na inaivuta trekta nyuma badala ya kuisukuma, na mawe ya saizi ya ngumi yanapenda kukwama kati ya visu na bati. Kama shamba lako lina mawe chukua ya kawaida. Kama halina, na kazi yako ni vitalu vya mbegu ndogondogo, na trekta ina nguvu ya akiba, ya kinyume utaifurahia.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mama mwenye trekta ya zamani kidogo, nimepata rotaveta iliyotumika kwa bei nzuri. Niangalie nini nisije nikauziwa chuma chakavu?

JIBU: Marahaba dada yangu. Anza na visu. Kisu kizima cha umbo la L kina mkunjo mpana na ukingo wake umenyooka, kilichokwisha unakuta ncha imechongoka na mkunjo umeliwa umebaki kama kidole. Visu vyenyewe sio tatizo, vinabadilishwa kwa bolti, ila vikiwa vimekwisha kabisa inaonyesha mwenye nayo hakuwa anaijali, kwahiyo angalia zaidi. (Hilo umbo la L lina historia, Arthur Clifford Howard wa Australia ndiye alianza kujaribu mashine ya aina hii mwaka 1912 shambani kwa baba yake huko Gilgandra, visu vyake vya kwanza vilikuwa vinarusha udongo pembeni mpaka alipovikunja hivyo.)

Inyanyue, weka stendi imara chini yake, injini izimwe na funguo uzitoe, kisha shika rota kwa mikono miwili uitikise juu chini. Isicheze. Ikicheza beringi zimekwisha. Halafu tazama kwa karibu pale rota inapoingia kwenye ubavu wa mashine, ndipo kamba na nyaya na majani marefu huwa yanajisokota, yanakaa pale yanakata sili polepole na oili inavuja bila mtu kujua kwasababu udongo unaifunika. Kwangua huo udongo kwa bisibisi. Ukiwa umelowa oili, ujue sili imekufa na huenda beringi na gia za ubavuni zimefanya kazi kavu. Fungua na nati ya kupimia oili, ikitoka nyeupe kama maziwa maji yameingia.

Uliza ubavuni, panapozungushwa rota, kuna gia au cheni. Gia zinadumu zaidi na zinavumilia mawe, ila zikivunjika ni gharama. Cheni inarefuka na inataka kukazwa, lakini fundi yeyote anaibadilisha. Kwa shamba dogo lisilo na mawe cheni sio dhambi.

Sasa kwa vile trekta yako ni ya zamani, kuna jambo moja usiliache. Zipo trekta ambazo ukikanyaga klachi kila kitu kinasimama pamoja, matairi na PTO. Kwa rotaveta hiyo ni kero kubwa, ukifika mahali pagumu unataka trekta isimame huku visu vinaendelea kujisafisha, na hapo huwezi. Na uzito wa mashine inayozunguka unaweza kuendelea kuisukuma trekta hata baada ya kukanyaga klachi, ndo maana kwenye shafti inayounganisha trekta na rotaveta kunawekwa kifaa kidogo kinachoruhusu mzunguko wa upande mmoja tu. Mwambie fundi akuangalizie trekta yako ni ya aina gani kabla hujalipa.

Na dada, kama shafti haina ile kava ya plastiki usiiwashe mpaka uipate. Mara 540 kwa dakika ni mizunguko tisa kila sekunde moja, kanga au mkono wa shati ukishikwa hakuna binadamu mwenye kasi ya kujitoa.

SWALI: Rotaveta yangu ilikaa stoo msimu mzima, nimeitoa juzi nimekata kijiti kinene tu, shafti ikajikunja. Si ina klachi ya kuteleza? Mbona haikuteleza?

JIBU: Kazi ya hiyo klachi ni kuteleza visu vikikwama ili shafti isiumie, ila yako ilikuwa imeganda kwa kutu. Zile sahani za msuguano zikikaa muda mrefu bila kazi zinashikana zinakuwa kama chuma kimoja, na klachi isiyoteleza ni sawa na kutokuwa nayo. Kila baada ya kuilaza muda mrefu fanya hivi: chora mstari wa chaki unaopita juu ya sahani zote, pima urefu wa springi uuandike, legeza nati zote kwa usawa, shusha visu vishike udongo kisha washa PTO sekunde mbili tatu na uzime. Zima injini, shuka uangalie chaki. Mstari ukiwa umekatika na vipande vimeachana, klachi imeteleza, kaza springi zirudi kwenye urefu uleule ulioandika. Ukiwa bado umenyooka, ifungue usafishe sahani.

Wenye rotaveta ya bolti ya kukatika badala ya klachi, tafadhali sana msiweke bolti ngumu eti ile ya kwanza inakatika ovyo. Kazi yake ni kukatika. Ukiweka ngumu kitakachokatika ni kitu kingine.

Ukinunua shafti mpya (ni mabomba mawili, moja linaingia ndani ya jingine) usiifunge kama ilivyotoka dukani, nyingi zinakuja ndefu. Pima pale ambapo trekta na mashine zinakaribiana zaidi, mara nyingi ni shafti ikiwa imenyooka, ibaki nafasi ya sentimita 2 na nusu au zaidi kabla bomba la ndani halijagonga mwisho, la sivyo itasukuma na kuua beringi za PTO. Na ikiwa imevutika mpaka mwisho, mabomba yawe bado yamepishana angalau theluthi moja. Ukikata, kata la ndani na la nje urefu sawa pamoja na kava zake, piga msasa ncha, paka grisi.

SWALI: Natumia rotaveta kila msimu sasa ndago zimeongezeka na maji yanatuama. Ni rotaveta au ni bahati yangu?

JIBU: Ni rotaveta, au tuseme ni namna unavyoitumia. Ndago inazaa kwa vile viazi vyake vya chini vilivyofungana kama mnyororo, visu vinavitenganisha na kuvisambaza, na kila kimoja kinaota peke yake. Sehemu zenye ndago zing'oe kwanza au zikwepe kabisa, na safisha visu kabla hujahamia upande mwingine wa shamba.

Maji kutuama ni kwasababu unachimba kina kilekile kila msimu, visu vinasugua chini palepale panajifunga tabaka gumu, na ukilima udongo ukiwa mbichi ndo unaukandika kabisa. Chukua donge kutoka kina cha sentimita 15 ulifinye, likibaki limeshikana na linang'aa subiri, likivunjikavunjika ingia. Hilo tabaka lililokwisha jifunga rotaveta hailivunji, tafuta jembe la meno marefu lipite chini yake wakati wa kiangazi udongo ukiwa mkavu, halafu msimu unaofuata pita na rotaveta mara moja tu, visije visu vikaugeuza udongo kuwa unga ambao mvua ya kwanza itaugandisha juu na miche ishindwe kutoboa.