Kitabu kisicho na maneno: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Nimeziona kurasa ulizonitumia kwa WhatsApp. Unauliza utamsomeaje mtoto kitabu kisicho na hata neno moja, tena cha binti anayechuma maua njiani, na wewe huko Toronto baridi hii unatoka gizani na kurudi gizani. Unaona ni kujidanganya.

Kiangalie tena. Hicho Sidewalk Flowers cha JonArno Lawson na mchoraji Sydney Smith kilitoka hukohuko Toronto mwaka 2015, kikapata Tuzo ya Gavana Mkuu wa Kanada upande wa vitabu vya watoto vya picha. Mji wake ni wa kijivu. Rangi ni koti jekundu la yule binti, vijiua vya kwenye nyufa za njia, na kidogo hapa na pale. Baba kamshika mkono, sikio liko kwenye simu, wala hakuna anayemsuta. Kuna ndege amekufa njiani, kuna mtu kalala kwenye benchi. Binti anamwekea ndege maua, anamwachia yule mtu mengine miguuni, mbwa anamchomekea kwenye ukanda wa shingo. Ndege hafufuki, na aliyelala hajui kitu. Ila tangu binti aanze kugawa, rangi zinazidi kuingia kurasani. Hapo ndipo kiliponishika. Mimi vitabu vya kumwamrisha mtoto atabasamu sivipendi; hiki kinamwachia macho yake.

Basi usimsomee. Mpakate, yeye ndiye afunue kurasa, na akiganda kwenye picha moja mwache agande. Muulize tu, "Unaona nini?" Akisema yule baba ni kama wewe na simu yako, meza hivyohivyo.

Na mzungumze Kiswahili. Ulilalamika kwamba vitabu vyake vyote ni vya Kiingereza na mtoto anakujibu Kiingereza. Hapa hakuna maandishi ya kumvuta huko. Enzi zangu za maktaba tulisikia habari za IBBY, lile shirika la kimataifa la vitabu vya watoto. Mwaka 2012 walianza kukusanya vitabu vya namna hii kutoka nchi mbalimbali kwa ajili ya Lampedusa, kisiwa cha Italia wanakofikia wahamiaji kwa mashua, ili mtoto aliyeshuka jana na mtoto mwenyeji waweze kufungua kitabu kimoja wakaelewana.

Mkitoka kwenda kituo cha basi, mwache atangulie kukuonyesha vitu, hata kama ni kopo lililogandiana na barafu. Dakika chache mtachelewa, najua.

Akishaizoea hadithi, mrekodi akiisimulia unitumie sauti. Baba yako naye anataka kuisikia, ingawa anashikilia kwamba kitabu bila maandishi ni albamu. Na upige Jumapili, ila si saa nane za usiku za huku.

Mama yako