Mrija wa dipstiki ukikatika, usikubali ufupishwe

Msomaji mmoja anauliza: mrija wa dipstiki, yaani kijiti cha kupimia oili ya injini, wa Corolla yake ulikatika, fundi akaukata pale ulipopinda, akaurudisha kwa silikoni. Sasa dipstiki inaonyesha oili imejaa, lakini taa ya oili inawaka akikata kona. Silikoni ni uchafu tu. Kosa ni kule kukata.

Dipstiki haisimami juu ya sakafu ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inaning'inia kwenye mdomo wa mrija. Mrija ukipungua sentimita moja na nusu, kijiti kinazama sentimita moja na nusu zaidi, na oili pungufu inasomeka imejaa. Kwenye injini nyingi ndogo, kutoka alama ya L (chini) hadi F (imejaa) ni kama lita moja tu. Kwenye kona oili hiyo kidogo inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, taa inawaka. Aongeze oili leo, kabla ya kutafuta mrija.

Mara nyingi mrija hukatika kwa sababu bolti ya kishikizo cha juu, ile ya spana namba 10, haikurudishwa baada ya kazi nyingine. Mrija unacheza na injini mpaka unachoka pale unapoingia kwenye bloku, kiwiliwili cha injini. Kutu humalizia.

Kabla ya kuvuta chochote, piga brashi na upepo kuzunguka tundu, maana mchanga ukidondoka humo unatua kwenye sampu. Usimwage oili bado. Kisiki, yaani kipande cha mrija kilichobaki kwenye bloku, kikiwa kimechomoza walau sentimita moja, chomeka ndani yake kitako laini cha biti ya drili kinachoenea, ili kisibonyee. Paka mafuta ya kulegeza kutu, bana kwa vaisgripu (koleo la kujifunga), zungusha kushoto na kulia huku ukivuta. Usikipige nyundo kiingie ndani. Kikizama kinaweza kufika kwenye krenki, shafti kuu ya injini, na hapo kazi ya saa moja imegeuka kuwa ya kushusha sampu.

Kikikatika sawasawa na bloku, pima kipenyo cha ndani. Kikiwa karibu milimita 6.8, tapu ya M8, kifaa cha kukata uzi wa bolti ya milimita 8 ndani ya tundu, inafaa. Kipenyo kingine, tapu nyingine. Jaza grisi kwenye meno ya tapu ili inase chembe za chuma. Zungusha nusu, rudisha robo, itoe mara kwa mara, ifute na upake grisi upya. Milimita 10 za uzi zinatosha. Kisha chukua bolti ndefu ya M8 yenye uzi mpaka juu, ivishe nati, pete bapa nene ya chuma (washa) na soketi kubwa ya kukalia bloku kuzunguka tundu. Ifunge kwenye kisiki, zuia kichwa chake kisizunguke, halafu kaza nati ishuke. Kisiki kinapanda polepole ndani ya soketi. Sasa ndiyo umwage oili na kubadilisha filta, ili chembe zilizoponyoka zitoke nazo.

Mrija wa used chukua kwenye injini ileile, usiangalie bodi. Corolla ya bodi EE111 ina injini ya 4E-FE na ya bodi AE110 ina 5A-FE. Kwa nje ni ndugu, kwa mrija usibahatishe. Kama wako unakaa kwa oringi (pete ya mpira), weka oringi mpya na uipake oili. Kama unaingia kwa kubanwa, uingize mpaka ile pete ya mrija ikae kwenye bloku, basi. Rudisha bolti ya kishikizo. Ndiyo, ileile.

Mrija ukikatikia katikati na uko safarini, kutanisha ncha mbili ziguse, vika kipande cha mpira wa petroli, funga klipu mbili, mbali na eksosi. Mpira wa maji au wa baiskeli utavimba na kuoza. Kuchomelea ni baada ya kuutoa mrija kwenye gari. Humo ndani kuna mvuke wa oili.

Mwisho upime. Weka oili kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, pamoja na ya filta, washa injini dakika moja, zima, subiri dakika kumi mahali pa tambarare. Dipstiki inatakiwa isome kwenye F. Ikisoma juu ya hapo, mrija umekaa chini mno: uinue, au ukwaruze alama mpya kwenye kijiti pale oili ilipofika.