Mguu wa meza ya babu umeachia

SWALI: Fundi, shikamoo. Marehemu babu alituachia meza ndogo ya duara ya Kiingereza. Ina nguzo moja katikati na miguu mitatu iliyopinda. Siku hizi inayumba, mguu mmoja umeachia. Fundi wa mtaani anataka kuupiga misumari, kisha aipige msasa meza nzima na kuipaka vanishi mpya. Nimruhusu?
Msomaji, Upanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimruhusu. Ilaze meza kifudifudi juu ya blanketi uitazame chini, maana ufundi wake uko huko.

Mguu unapokutana na nguzo hakuna msumari. Kichwa cha mguu kimechongwa kama mkia wa njiwa, chembamba mlangoni, kipana ndani, kikasukumwa kutoka chini kikaingia kwenye mfereji wa nguzo. Uzito unaposhuka, miguu hutaka kutanuka. Mkia ule ndio unaoizuia. Mara nyingi chini yake huwekwa na bamba la chuma lenye mikono mitatu. Ukilikuta, litunze pamoja na skrubu zake.

Kati ya mifereji ile mitatu nguzo imebaki na nyama ndogo sana. Nilipokuwa najifunza kazi Keko, nilipigilia msumari meza ya namna hiyo kwa sababu mteja alikuwa na haraka. Baada ya wiki chache nguzo ikapasuka kufuata nyuzi za mti. Kuunga kipande kipya cha mkangazi kulinichukua siku nne, na alama inaonekana mpaka leo. Iliniuma sana.

Meza nyingi za aina hii, za karne ya 18, ni za mahogani. Mwaka 1721 Uingereza iliondoa ushuru wa mbao za makoloni yake ya Amerika, na maseremala wake wakapata mbao pana kiasi cha kutoa uso mzima kwa ubao mmoja. Chukua tepu upime uso huo kufuata nyuzi, kisha upime kuzikata. Mti husinyaa kwa upana, si kwa urefu, kwa hiyo duara la zamani kweli mara nyingi hupungua milimita kadhaa upande mmoja. Nipime nini zaidi ya hapo? Kwangu hicho ndicho cheti chake.

Sasa matengenezo. Gundi ya zamani ni ya ngozi na mifupa ya wanyama, na hulainika kwa maji ya moto. Fundi afungue bamba, azungushie kiungo kitambaa chenye maji ya moto, asubiri, kisha augonge mguu taratibu kuelekea mwisho wa chini wa nguzo, kule ulikoingilia, nyundo ikipigia kipande cha ubao. Maji yasiguse sehemu yenye mng'aro, yataacha doa jeupe. Akwangue gundi kuukuu yote, atie mpya ya aina ileile, akaze kwa mpira wa tyubu, auache siku mbili.

Msasa, hapana kabisa. Ile rangi ya chai iliyokolea imewekwa na mikono ya watu na nta ya miaka mingi. Ikishakwanguliwa hakuna vanishi ya kuirudisha. Futa vumbi, paka nta ya nyuki kidogo, sugua kwa kitambaa cha pamba.

Na kama meza iko karibu na kiyoyozi, ihamishe. Kinakausha ubao, na pengine ndicho kilicholegeza mguu huo.