Mwalimu wa Benchi Anajibu: Kocha mpya atafutwe vipi?

Barua za mwezi huu karibu zote zinagusa jambo moja, makocha kuja na kuondoka, kwa hiyo nimechagua nne na kuziacha nyingine zisubiri. Kwa msomaji mgeni wa ukurasa huu: nimefundisha timu za mkoa na za ligi daraja la kwanza, muda mwingi nikiwa msaidizi wa wengine. Sasa nimestaafu, nipo Morogoro, nalima mboga na jioni naenda Uwanja wa Jamhuri kutazama vijana.

Shikamoo mwalimu. Msimu wa 2024/25 Yanga walipitisha makocha watatu: Gamondi, Ramovic na Hamdi. Wakachukua ubingwa. Sisi Simba tulikuwa na Fadlu Davids mmoja tu mwanzo hadi mwisho, tukawa wa pili. Sasa nyie wataalamu mnaosema kocha apewe muda mnatuambia nini? Hapa kijiweni nimekosa la kujibu.
*Mwana Msimbazi, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Waliokubana hapo kijiweni wamekubana kweli, lakini wamehesabu makocha wakasahau kuhesabu wachezaji.

Chukua kikosi cha Yanga cha msimu ule. Diarra golini. Job na Bacca nyuma. Aucho na Mudathir katikati. Mbele yao Aziz Ki, Pacôme na Maxi. Hao walikuwa wamekwishacheza pamoja, wamekwishabeba kombe pamoja, na kila mmoja alijua mwenzake anapenda mpira wa miguuni au wa kukimbizwa. Msingi ule ulianza na Nasreddine Nabi, aliyekuja Aprili 2021 na mwaka 2023 akawafikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakalikosa mbele ya USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini. Gamondi akauendeleza. Kwa hiyo Ramovic alipoingia Novemba 2024, na Hamdi alipompokea Februari 2025, kila mmoja alikuta timu inayojua kucheza. Kazi yao ilikuwa kutoivuruga, na hiyo nayo ni kazi, usiidharau.

Fadlu alipokelewa na nini Julai 2024? Kikosi kilichofumuliwa. Ahoua mgeni, Camara mgeni, Mukwala mgeni, Ateba akaja baadaye. Na watu hao, katika msimu wake wa kwanza, alifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, akafungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco na kutoka sare ya 1-1 Zanzibar. Ligi akaipoteza mechi ya mwisho kabisa, Juni 25, 2025, kwa mabao mawili ya Yanga. Ukiniuliza mimi nani alifanya kazi kubwa zaidi msimu ule, nitakujibu Fadlu, na Wananchi, yaani watu wa Yanga, watanisamehe.

Na Gamondi mwenyewe je? Alifungwa na Azam, akafungwa na Tabora United, akapewa mkono wa kwaheri. Mechi mbili mfululizo! Mwaka uliofuata mtu yuleyule aliichukua Taifa Stars kwa muda, akaipeleka AFCON, fainali za Mataifa ya Afrika, kule Morocco na kuvuka nayo makundi, jambo ambalo timu yetu haikuwa imelifanya tangu tuanze kushiriki mwaka 1980. Hakwenda kusomea ukocha upya katikati hapo.

Kwa hiyo waambie wenzako hivi: kabla ya kuuliza kocha ni nani, ulizeni anakabidhiwa timu ya namna gani. Kuna anayejua kujenga, kuna anayejua kutunza kilichojengwa, na kuna wa kuzima moto wakati mnashuka daraja. Viongozi wetu wengi humtafuta "kocha mkubwa", basi, halafu humtaka mtu mmoja afanye kazi zote tatu kabla ya dirisha dogo la usajili.

Mwalimu, mimi ni shabiki wa Coastal Union tangu nikiwa mtoto. Inaniuma kuona Juma Mgunda kila timu kubwa ikiyumba anaitwa, akiiweka sawa analetwa Mzungu. Makocha wazawa ni wa kuziba pengo tu?
*Dada wa Ngamiani, Tanga*

Dada yangu, maumivu hayo tunayo wengi. Mgunda uliyemtaja aliifikisha Coastal fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF, lile la hapa nyumbani, mwaka 2022, ile sare ya 3-3 na Yanga kule Arusha iliyoamuliwa kwa mikwaju ya penalti. Septemba ya mwaka huohuo Zoran Maki akaondoka Simba ghafla, Mgunda akaitwa, akawatoa Nyasa Big Bullets na Primeiro de Agosto akaiingiza timu makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari 2023 kiti akapewa Robertinho. Aprili 2024 Benchikha alipoondoka, simu ikapigwa kwa nani? Unajua mwenyewe.

Si kwamba mzawa hawezi. Joel Bendera aliipeleka Taifa Stars AFCON ya Lagos mwaka 1980. Abdallah Kibadeni alikuwa kwenye benchi Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993. Hemed Suleiman "Morocco" ndiye aliyetukatia tiketi ya AFCON ya 2025 siku Msuva alipowafunga Guinea kwa Mkapa, ingawa kwenye fainali zenyewe hakwenda na timu.

Lakini nitasema na lisilopendeza. Sisi wazawa tunachangia. Mgeni akiitwa, anakuja na karatasi: msaidizi wangu huyu, kocha wa viungo huyu, mshahara huu, nyumba, gari, na mkivunja mkataba mtanilipa kiasi hiki. Mzawa akiitwa anasema "naitumikia klabu yangu", anaingia usiku huohuo kambini bila karatasi yoyote, na wasaidizi aliowakuta. Kiongozi gani atamwogopa mtu ambaye kumwondoa hakumgharimu hata shilingi? Mwenye kiti cha bei nafuu ndiye wa kwanza kuambiwa asimame.

Kijana mzawa anayesoma hapa, ukiitwa "kwa muda", omba tarehe. Muda mpaka lini? Na nikivuka makundi, je? Waandike. Wakikataa kuandika, umeshajua nafasi yako.

Habari mwalimu. Kwetu Kenya tulimpata Benni McCarthy Machi 2025 na watu wakafurahi kwa sababu ya jina. Mchezaji nyota ndiye kocha mzuri?
*Msomaji wa Likoni, Mombasa*

Nzuri, ndugu yangu. Jina linasaidia wiki mbili. Wachezaji wanamsikiliza kwa sababu alibeba Ligi ya Mabingwa ya Ulaya na Porto mwaka 2004, na mshambuliaji akioneshwa na yeye jinsi ya kugeuka ndani ya boksi habishi. Baada ya hapo wanaanza kuangalia mazoezi yana mpango au hayana. Mimi katika wasifu wake nilichokipenda ni AmaZulu, timu isiyo ya matajiri, ambayo aliifikisha nafasi ya pili ligi ya Afrika Kusini msimu wa 2020/21. Mkitafuta kocha mwingine siku za usoni, anzeni kusoma hapo: alifanya nini na timu ambayo haikuwa na kila kitu?

Mwalimu, mimi ni katibu wa klabu ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, huku Nyanda za Juu Kusini. Kocha wetu ameondoka, mezani nina rundo la wasifu, nyingi zimeletwa na mawakala. Mwenyekiti anataka tumtangaze mtu kabla ya wiki kuisha kwa sababu wanachama wanapiga kelele. Hatujawahi kufanya usaili wa kocha. Tumuulize nini?
*Katibu mwenye presha*

Katibu, kwanza mpelekee mwenyekiti chai. Wanachama watapiga kelele wiki hii, na mkikosea watapiga kelele msimu mzima.

Kabla hamjafungua hilo rundo, kaeni kamati nzima mjibu swali moja kwa maandishi: nani anasajili wachezaji? Kama ni kocha, andikeni. Kama ni kamati kwa ushauri wa kocha, andikeni. Nimekaa kwenye benchi la klabu moja, sitaitaja, ambako mweka hazina alikuwa na "wachezaji wake" watatu, na kila wiki ya mechi simu ya kocha mkuu ilikuwa inaita kuanzia Alhamisi. Kocha yule alikuwa mzuri sana. Aliondoka kabla ya mzunguko wa pili, na aliyemfuata akakuta simu ileile.

Sasa rundo. Toa pembeni wote ambao leseni yao haikidhi kanuni za ligi za msimu huu. Usisikilize neno "inashughulikiwa". Omba nakala, ipeleke TFF waikague. Simba, klabu kubwa yenye ofisi na wanasheria, mwaka 2021 walijikuta na Didier Gomes ambaye leseni yake CAF haikuikubali kwa kocha mkuu wa mashindano yao. Ikiwa yanawakuta wao, nyinyi mtaponea wapi?

Kisha usisome makombe. Soma miezi. Aliingia lini, akatoka lini, na kwa nini. Mtu mwenye klabu saba ndani ya miaka mitano ana maelezo ya kutoa. Wakala hatakupa maelezo hayo. Mpigie mtunza vifaa wa klabu yake ya zamani. Sitanii. Mwenyekiti wa zamani atakuambia mambo ya heshima, lakini mtunza vifaa anajua kocha alifika uwanjani saa ngapi, alisema nini timu ilipofungwa, na kama alijua majina ya vijana wa kikosi cha pili. Tabia haionekani kwenye wasifu. Yanga walimwondoa Luc Eymael Julai 2020 kwa kauli za kuwadhalilisha mashabiki, si kwa matokeo.

Waliobaki, watatu au wanne, waiteni. Siku moja kabla, wapeni video ya mechi zenu mbili, moja mliyoshinda na moja mliyofungwa vibaya. Swali la kwanza la usaili liwe: umeona nini? Atakayeanza na "mfumo wangu ni 4-3-3" bado hajawaona. Atakayesema "beki wenu wa kushoto anapanda halafu hakuna anayemzibia, na bao la pili lilitokea hapo", huyo ameangalia.

Swali la pili: mna mechi Jumamosi ugenini, basi linatumia siku nzima barabarani, mnarudi Jumapili usiku, Jumatano mna mechi nyumbani. Jumatatu na Jumanne utafanya nini? Hapo ndipo utamjua anayefundisha timu za nchi hii na anayefundisha timu za kwenye kompyuta. Niliwahi kukaa kwenye usaili wa kocha mmoja kutoka nchi jirani, ofisi yetu ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, joto kali. Alipoketi hakuuliza mshahara. Alitaka orodha ya wachezaji yenye tarehe ya kumalizika kila mkataba, akaisoma kimya akiweka alama kwa kalamu, kisha akauliza: "Chakula cha kambini anapika nani, na wanakula saa ngapi?" Mjumbe mmoja akacheka. Mimi nikaandika jina lake juu ya karatasi. Tulimchukua, na kwa mara ya kwanza vijana waliacha kuishiwa pumzi dakika ya sabini.

La tatu: wasaidizi. Anakuja na nani, na yuko tayari kufanya kazi na nani wa kwenu? Mwachieni achague mmoja, hasa wa viungo au wa makipa. Nyinyi mbakishe mmoja anayeijua klabu, maana kocha akiondoka Jumatatu, Jumatano mna mechi.

Na ataondoka, mkitaka msitake. Sven Vandenbroeck aliwapiga FC Platinum 4-0, akaivusha Simba hadi makundi, kisha akaenda zake Morocco, hiyo Januari 2021. Ramovic aliiacha Yanga ikiwa vizuri akaenda Algeria. Fadlu mwenyewe Septemba 2025 alirudi Raja ya Morocco, alikowahi kuwa msaidizi. Kocha mzuri atatakiwa na wengine, kwa hiyo mkataba uwe na kiasi ambacho klabu inayomtaka italipa, na kiasi ambacho nyinyi mtalipa mkimwondoa. Kiasi cha pili msikiandike kwa furaha ya siku ya kusaini. Makocha wa kigeni wasiolipwa hupeleka kesi FIFA, na FIFA ikishaamua, klabu isiyolipa inaweza kufungiwa kusajili. Kwa klabu yenye mapato ya viingilio kama yenu, miezi mitatu ya mshahara ni kiwango mnachoweza kukibeba. Mwaka mzima hamuwezi.

Malengo nayo yaandikwe kwa namba. "Kufanya vizuri" si lengo. Andikeni nafasi mnayotaka mkifika mechi ya kumi na tano, na mkubaliane kwamba kabla ya hapo hakuna kikao cha kumjadili isipokuwa kwa utovu wa nidhamu. Mwenyekiti asaini na hicho kipengele, tena mbele ya wajumbe.

Kuhusu kumtangaza kabla ya wiki kuisha: tangazeni kocha wa muda mliye naye hapo kambini, mpeni barua yenye tarehe na posho inayoeleweka, kisha usaili ufanyike kwa utulivu. Ukikwama kwenye kanuni za leseni, niandikie tena, tutazipitia pamoja kipengele kwa kipengele.